Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo



Wasomaji wapenzi, baba na mama wa vijijini, leo yafaa tusemezane juu ya jambo ambalo wengi hulichekea barazani, lakini usiku nyumbani huwaliza watu. Ni habari ya unene uliopita kiasi, na habari ya kula pasipo njaa. Huenda mmoja wenu atasema: "Mwandishi huyu amepotea njia. Sisi wa Songea ni watu wa jembe. Unene ni shida ya watu wa Dar es Salaam, wapandao magari na kukaa ofisini." Ngoja kidogo, ndugu. Usifunue ukurasa wa pili upesi hivyo.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, redio ilipotoa masomo ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 yakafuata ya "Chakula ni Uhai". Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza, wakarudi nyumbani kuchimba vyoo na kupanda mboga. Siku zile adui aliyeonekana wazi alikuwa upungufu wa chakula. Adui huyo hajatoka bado. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na Mkoa wetu wa Ruvuma, pamoja na maghala yake ya mahindi, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa sana.

Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha jambo la pili. Wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2010 walikuwa 22. Basi katika nyumba moja waweza kumkuta mtoto aliyedumaa, na mama yake amenenepa mno. Ni ajabu, lakini mara nyingi mzizi ni mmoja: sahani imejaa ugali, mboga ni kidogo, maharage ni ya siku moja moja, na chai ina sukari nyingi.

NANI ANENEPAYE KIJIJINI?

Tazama vizuri kijijini kwako. Yuko mwenye duka, akaaye kitini tangu asubuhi. Yuko mwalimu, yuko karani, yuko fundi wa cherehani. Yuko kijana wa bodaboda, ambaye miguu yake haikanyagi tena vumbi. Yuko mama muuza maandazi, aonjaye kila karai likitoka motoni. Hata mkulima mwenyewe ana miezi yake. Kuanzia Novemba, mvua zinapoanza, analima, anapanda, anapalilia, jasho linamtoka. Lakini mahindi yakiisha kuingia ghalani, kazi inapungua, fedha inaonekana, na sherehe zinafuatana: ndoa, kipaimara, komunyo ya kwanza, jubilei. Mwili unapumzika, kinywa hakipumziki.

Tena, tuseme kweli juu ya jambo linalotuzuia kuusema unene. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotuvamia katika miaka ya 1980 na 1990, tuliwaona wapendwa wetu wakikonda mpaka mifupa ikahesabika. Tangu siku zile, kukonda kwatutia hofu. Mama akipungua kilo tano tu, majirani wananong'ona kisimani. Mume naye huona fahari mkewe akinenepa, maana watu watasema, "Kweli anatunzwa." Hivyo watu wengine wanajilisha kwa kuogopa midomo ya watu. Ndugu msomaji, leo kuna dawa za UKIMWI, na mtu anayezitumia vizuri aweza kuwa na mwili mzuri kama mwingine yeyote. Huwezi kuujua ugonjwa wa mtu kwa kumtazama mashavu. Basi tuache kunong'ona, ili mwenye kutaka kuupunguza mwili wake apate nafasi ya kufanya hivyo kwa amani.

PIMA KWA KAMBA

Kunenepa si dhambi, wala si aibu. Watu wengine wamezaliwa na miili mikubwa, na wana nguvu na afya. Hatari iko hasa katika mafuta yanayokusanyika tumboni. Hayo huleta shinikizo la damu na kisukari; na magonjwa hayo mawili, yasipotunzwa, huleta kiharusi, upofu, kuharibika kwa figo, na vidonda vya mguu visivyopona mpaka mguu ukakatwe. Baba wa watoto sita akikatwa mguu, ni nani atakayelima? Ndiyo maana nasema jambo hili si la urembo. Ni jambo la ghala na la ada za watoto.

Usiponacho kipimo, chukua kamba. Mtu akupime urefu wako, kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje kamba hiyo katikati, kisha jizungushie kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kulibana tumbo. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, tumbo limezidi kiasi; nenda zahanati ukapimwe uzito, damu na sukari. Kipimo hiki hakimfai mama mjamzito wala mtoto mdogo.

Wala usikate tamaa ukiona kwamba kilo za kupunguza ni nyingi. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 3,000, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza sehemu 7 katika kila 100 za uzito wao, na kutembea kwa haraka dakika 150 kila juma. Katika muda wa karibu miaka mitatu, hatari ya kupata kisukari katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 58, kuliko kundi lisilopata mafundisho hayo wala dawa. Sehemu 7 katika 100, kwa mtu wa kilo 80, ni kilo tano na nusu hivi. Si lazima urudi kuwa kama siku ya arusi yako!

NJAA MBILI

Sasa tufike penye kiini cha maneno. Wengi wanajua la kufanya, wala hawalifanyi. Sababu yake nini? Ni kwamba mwanadamu ana njaa mbili.

Njaa ya tumbo huja polepole. Hukubali chakula chochote: kiazi, ugali wa jana, mchicha. Ukishiba, hukoma. Njaa ya moyo huja ghafula. Huchagua: yataka andazi, yataka soda, yataka nyama choma. Ukishiba haikomi, bali huacha uchungu na aibu.

Fikiria mama mjane. Watoto wamekwenda mjini, mmoja hapigi hata simu. Jioni ikifika, nyumba ni kimya. Amekwisha kula, lakini anarudi jikoni kukomba sufuria. Hana njaa, ana upweke. Fikiria baba aliyeuza mahindi yake kwa bei ya chini, na deni la mbolea linamngoja. Anapita kilabuni kunywa komoni. Hana kiu, ana hofu. Na pombe nayo ni chakula, tena hunenepesha. Fikiria na mama mwenye watoto wadogo, aliyechoka tangu alfajiri, ambaye kila akiosha vyombo humaliza makombo ya watoto asiyatupe. Yeye hajui hata kwamba amekula. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Watu hao wote watatu ukiwaambia tu, "Punguza kula," hujawasaidia. Chakula kwao kimekuwa mfariji. Nyoosha mkono umwondolee mtu mfariji wake, usimpe mwingine, naye atarudi kwake usiku.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Katika katekisimu tulijifunza kwamba ulafi ni mojawapo ya vile vilema saba. Walakini wengi tunadhani ulafi ni wingi wa chakula tu. Mtawa Yohane Kasiano, aliyeishi miaka zaidi ya 1,500 iliyopita, alitaja namna tatu: kula kabla ya saa yake, kula kupita kiasi, na kutaka vyakula vya anasa. Tazama jinsi mtawa huyo wa kale alivyotujua! Maandazi ya kati ya mlo na mlo ni namna ya kwanza. Sahani ya arusi yenye kilima cha pilau ni ya pili. Kukasirika kwa sababu leo mboga si nyama ni ya tatu.

Lakini haifai kumwambia kila mtu mnene kwamba ni mlafi. Wako wenye ugonjwa, wako wanaonenepa kwa dawa wanazotumia, wako waliovunjika moyo kwa msiba. Mtu anayekula chakula kingi kwa siri, asiweze kujizuia, kisha akajilazimisha kutapika, huyo ni mgonjwa. Aende kwa mganga hospitalini kama vile angekwenda kwa malaria. Padre atamwombea, na mganga atamtibu; kazi hizi mbili hazigombani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino naye aliandika juu ya huzuni na dawa zake. Alizitaja dawa tano: jambo jema lenye kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Hesabu tena, msomaji. Je, umeona andazi? Basi dawa hizo zote zapatikana kijijini, wala haziuzwi. Ukiwa na uchungu, lia. Machozi si udhaifu, hata kwa mwanaume. Nenda kwa jirani wa jumuiya yako, umwambie, "Leo moyo wangu ni mzito." Imba kwaya. Sali rozari. Bandika maji, uoge, ulale mapema. Waganga wa leo nao wanasema kwamba mtu asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi kesho yake.

Fanya hivi: mkono ukielekea kwenye chungu, na hujui kama ni njaa ipi, kunywa kikombe cha maji, toka nje, zunguka nyumba au kata majani ya mbuzi muda wa robo saa. Ikiwa bado wataka kula, na kiazi kitakutosha, ile ni njaa ya tumbo. Kula kwa shukrani. Ikiwa kiazi hukitaka, wataka andazi tu, uulize moyo wako una nini.

KIPIMO CHA MTAKATIFU BENEDIKTO

Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura yake ya 39 yahusu chakula. Inaagiza vyakula viwili vya kupikwa mezani, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na ratili moja ya mkate kwa siku. Kazi ikiwa nzito zaidi, abate aweza kuongeza. Lakini kuvimbiwa kunakatazwa kabisa.

Ona hekima yake: chakula hufuata kazi. Wakati wa kulima, mkulima ale kama mkulima. Wakati wa kiangazi, akiwa ameketi chini ya mwembe, asile tena sahani ile ile ya mwezi wa Desemba. Hili ni jambo la haki, wala si la kujitesa.

Kwa sahani ya kila siku, kumbuka hivi. Nusu yake iwe mboga: majani ya maboga, kisamvu, mchicha, mlenda. Robo iwe maharage, dagaa wa Nyasa, samaki au yai. Robo iliyobaki iwe ugali, na ukiweza uwe wa dona, ambao haukuondolewa pumba. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Uzani kwa uzani, mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga. Soda moja ya chupa ina sukari ipatayo vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba vijiko 6 kwa siku nzima vingetufaa zaidi. Wala usiwanyime watoto chakula kwa sababu wewe unapunguza. Mtoto anakua, na mama mjamzito au anyonyeshaye haruhusiwi kujikondesha.

Na kufunga kwa Kwaresima? Ni jambo takatifu, walakini si dawa ya kukonda. Aliyefunga mchana kisha akala usiku kwa watu watatu, hakufunga, ameahirisha. Sheria ya Kanisa ya kufunga chakula yawahusu watu wazima mpaka wanapoanza mwaka wa 60, wala wagonjwa hawafungwi nayo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge kabla ya kuongea na mganga wake, maana sukari yaweza kushuka akaanguka.

MIGUU NAYO ISALI

Sasa mazoezi. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima afanye kazi ya mwili ya kiasi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 hadi 300 kila juma. Ni nusu saa kwa siku tano. Kulima, kupasua kuni na kuteka maji ni mazoezi pia. Mwenye kufanya hayo kila siku hana haja ya kununua raba. Lakini mwenye duka, mwalimu, na mkulima wa mwezi wa Agosti, hawana budi kutafuta nusu saa yao.

Wengi huanza kwa moto mkubwa. Jumatatu wanakimbia mpaka chini ya milima ya Matogoro, Jumanne miguu imevimba, Jumatano hawaonekani. Anza na dakika kumi. Juma lijalo, kumi na tano. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena jiunge na mwenzako, kwa maana peke yako utajidanganya kwamba mvua inakuja. Mwezi wa Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakutembea peke yake. Na Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Siku moja kwa mwezi ni mwanzo mwema, lakini jumuiya zetu ndogo ndogo zaweza kufanya zaidi. Mnapokwenda kusali nyumbani kwa mwenzenu, acheni bodaboda. Tembeeni pamoja, mkisali rozari njiani; mafumbo matano huchukua kama dakika ishirini. Kina mama wakiwa pamoja hawaogopi kuchekwa, na baba akitembea na mkewe, watakuwa na nafasi ya kusema yale wasiyoyasema mbele ya watoto.

Siku itafika utakapokosa. Kutakuwa na matanga, kutakuwa na homa, kutakuwa na arusi ya siku mbili. Hapo ndipo wengi huacha kabisa. Mkumbuke John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Mwaka 1968 alishiriki mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City. Alianguka, goti likaumia. Watu 75 walianza. Yeye alimaliza wa 57, wa mwisho, baada ya saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Mguu umefungwa bendeji, akafika. Leo Watanzania wengi hawamjui yule aliyeshinda, lakini Akhwari wanamjua. Basi ukikosa juma zima, usingoje Jumatatu wala mwaka mpya. Toka leo jioni.

Jambo moja usilisahau: kutembea nusu saa hakufuti soda na maandazi mawili. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu. Lakini hushusha shinikizo la damu, husaidia sukari itumike, huleta usingizi, na tena huinua moyo ulioinama. Hata mizani isiposhuka, faida ipo.

KWA WALIO NYUMBANI

Baba, usimwite mkeo "tipa" mbele ya wageni. Neno hilo ataondoka nalo mpaka jikoni, na huko atalifariji kwa kula. Mama, usimlazimishe mumeo kumaliza sahani kana kwamba asipomaliza hakupendi. Shangazi, ukimwona mtoto wa ndugu yako baada ya mwaka, muulize habari za masomo kabla ya kumwambia amenenepa au amekonda. Na ninyi nyote, mtu akikuleteeni unga wa kukondesha au chai ya kusafisha tumbo, usiokuwa na jina la mtengenezaji wala idhini ya mganga, mrudishieni. Fedha hiyo inunue maharage.

Zaidi ya yote, ukimwona jirani anakula kwa uchungu, usianze na sahani yake. Anza naye mwenyewe. Pita jioni umgongee mlango, umwambie, "Twende tukatembee mpaka kanisani, turudi." Mjane yule tuliyemtaja hahitaji hotuba juu ya sukari, anahitaji mtu wa kutembea naye saa kumi na mbili jioni, saa ile nyumba inapokuwa kimya. Je, katika jumuiya yako ni nani huyo? Bila shaka jina lake umekwisha kulikumbuka. Nenda kwake juma hili.